Mkono wa Kurina

Mwezi wa saba, asubuhi ya Isevya ina meno yake.
Nilichota maji mtungini, nikasukutua,
baridi ikanichoma mpaka kwenye sikio.
Nikashika ukuta kama aliyekanyaga mwiba.

Hilo la baridi ningelivumilia.
Lakini mimi ni muuza asali.
Miaka ishirini na mitatu sokoni, na kipimo changu ni ulimi:
hii ya Sikonge, nyuki walishinda kwenye maua ya mtundu;
hii imepikwa;
hii, ndugu yangu, ni sukari guru
iliyovishwa kofia ya nta.
Siku hizi tone likigusa jino la pembeni
ganzi inaruka, nafumba macho,
mteja anadhani nimeonja sumu.

Nikamwachia Kalunde, mjukuu, aonje badala yangu.
Ana miaka tisa. Kwake kila asali ni nzuri.
Nimenunua ndoo mbili za uongo kwa ulimi wake.

Kule Kitete, tabibu wa meno, Ruhomvya, kijana wa Kasulu,
alinishikisha kioo kidogo:
"Mama, unaona? Fizi zimerudi nyuma,
mizizi iko nje, kama ya mti ukingoni mwa korongo."
Akaomba kuuona mswaki wangu.
Ulikuwa mkobani, nywele zimelala huku na huku
kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.
Akacheka kwa adabu.
"Unasugua meno, au masufuria?"

Masufuria, mwanangu. Ndivyo nilivyofunzwa.
Baba yetu Mihayo alitupanga mstari nyuma ya jiko,
kijiti, mkaa uliosagwa, mchanga kidogo:
"Sugua mpaka damu. Damu ndiyo uchafu unatoka."
Tulitema wekundu kwenye majivu
tukajiona safi.

Na baba huyohuyo, usiku, juu ya mti,
alifungua mzinga kama anayemfunua mtoto aliyelala.
Moshi kidogo. Kidole. Subira.
Kwa pupa yake hakuwahi kuponda nyuki hata mmoja.
Sijui kwa nini mkono ule wa mtini
haukuwahi kushuka na kuja nyuma ya jiko.

Basi nafundishwa upya, na miaka hamsini na minane:
mswaki laini, ushikwe kwa vidole kama kalamu,
si kwa ngumi kama mchi;
uinamishwe pale jino linapozama ufizini,
viduara vidogo, vidogo zaidi ya hivyo.
Ukoga hautaki vita, unataka kila siku,
maana ukiachwa unakuwa jiwe,
na jiwe ni kazi ya vyuma vyake, si yangu.
Usiku, uzi kati ya meno.
Dawa ya ganzi: tema povu, usikimbilie maji.
Na damu si uchafu, Mama. Damu ni ufizi unalia.
Nikamwuliza: zitarudi?
Alivua glovu kwanza.
"Hazirudi. Tunalinda zilizobaki."
Nilimpenda kwa kutonidanganya,
na njia nzima ya kurudi nyumbani nilimchukia.

Leo wiki ya sita. Umeme umekatika,
tunapiga mswaki uani, gizani, mimi na Kalunde.
Namsikia kabla sijamwona: kwaru, kwaru, kwaru,
babu yake mkuu mtupu.
Nashika kifundo cha mkono wake.
"Polepole. Humo ndani nyuki wamelala."
Anacheka, povu linamchuruzika mpaka kidevuni,
halafu kimya. Anasugua kama anayenyata.

Kesho unaingia mzigo wa Inyonga, ndoo kumi na moja.
Nitaonja mwenyewe,
tone dogo, ncha ya ulimi, upande wa kushoto.
Upande wa kulia bado.